Nyie mnaoanza kuleta mzigo kutoka nje, hiyo "OK" mnayoandika itawatafuna

Jana nlikua kwa ejenti wangu wa forodha pale Moi Avenue, Mombasa, nangoja entri ya ushuru ipite, akaingia kijana mmoja, kontena lake la kwanza, simu ikalia, akaitazama nusu sekunde, akaandika "OK", akairudisha mfukoni. Namuuliza, nini hiyo mwanangu? Ati "drafti ya BL tu mzee, saplaya anaharakisha". Tu! BL ndo hati ya meli inayosema mzigo ni wa nani, ukiandika OK ushaikubali. Tumbo likanikata, maana hiyo OK mie naijua, ishanila.

Haya basi, niwape yangu. Mkitaka fuateni, msipotaka pesa ni zenu.

1. CoC, cheti cha kuwa bidhaa zimefikia viwango, inatafutwa kabla mzigo haujapakiwa, ukaguzi ni kulekule unakonunua si hapa Kilindini, na saplaya akikwambia "hakuna shida rafiki" jua shida ni yako.

2. VAT ya 16% haipigwi kwa bei ya invoisi peke yake jamani, ni CIF, yaani bei ya mzigo na bima na nauli ya meli, ukijumlisha na ushuru. Kila mwezi naona mtu anapiga hesabu kwenye simu anatabasamu, kisha entri inatoka tabasamu linaisha.

3. Drafti ya BL. Hapa kaeni vizuri.

Mwaka 2019 Idi ya Ramadhani iliangukia mapema Juni. Mie nikaagiza magauni ya watoto kutoka Guangzhou, futi 20 nzima, yale ya nyavu na ua kubwa kiunoni. Hesabu yangu tamu kabisa: meli ifike katikati ya mfungo, kumi la mwisho niwe Biashara Street nauza jumla. Drafti ikaja usiku, mie niko harusini Kibokoni, si mwajua harusi za Shaabani, mkono wote una biriani. Nikafungua kwa kifundo cha kidole, nikaona jina langu pale juu nikafurahi hata, nikajiona nshakua mfanyabiashara. OK.

Jina lilikua langu la pasipoti. IDF, ile fomu ya kutangaza mzigo unaoingia, na PIN ya kodi ni za kampuni yangu. Na katoni imeandikwa 410, pakingi listi yasema 401.

Meli ikafika kwa wakati, hilo ndilo liloniuma zaidi. Ejenti akaona manifesti, orodha ya mizigo ya meli, akapiga, "mzee, huyu kwenye manifesti ni nani?" Ni mimi! "Basi wewe huna mzigo, mzigo ni wa kampuni, na kampuni haiko kwenye manifesti." Ikaanza safari ya barua, saplaya aandikie laini, kampuni ya meli, kule, laini irekebishe na bili yake ya dola, kisha forodha nao waikubali, na kila mmoja anamngoja mwenzake. Nikiamka nikala daku nampigia Mchina, huko saa nne asubuhi, ananijibu kwa kidole gumba tu. Kontena liko CFS, yadi ya makontena, Changamwe, sitoreji inapanda, siku za bure za laini zimeisha, dimareji, ile tozo ya kukawiza kontena lao, nayo inapanda. Jina likakubaliwa, zikabaki zile katoni tisa, ziko wapi? Haziko popote, ni vidole vya mtu tu, lakini nani akuamini? Ikabidi ziteremshwe zihesabiwe moja moja.

Siku ya Idi niko mlangoni kwangu, watoto wanarudi kuswali na magauni ya nyavu, ua kiunoni, ya mtu mwingine.

Wiki iliofuata ndo nikaachiliwa. Sili ikakatwa, mlango ukafunguliwa, ile harufu ya plastiki mpya ikanipiga usoni, na kuli mmoja mzee akainua gauni akaniuliza bila hata kunicheka, "Haya ni ya Idi gani, bwana?" Nikayauza Mfungo Tatu kwa bei ya kutupa. Deni la shangazi la mzigo huo nililimaliza mwaka uliofuata.

Kwa hivyo drafti isomeni mchana, mikono mikavu, pakingi listi na PIN pembeni, herufi kwa herufi.

4. Siku za bure ziombeni kabla ya kubuku, 14 au 21. Zikianza kuhesabiwa hazijui Jumapili wala Idi.

5. HS code, namba ya aina ya bidhaa inayoamua ushuru, muulizeni ejenti, msiokote kwenye grupu la WhatsApp. Kuna mmoja aliokota, hadi leo hapokei simu za watu wa lile grupu.

6. Nyie wa maembe na maparachichi kwenda nje, cheti cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, kwanza, mapenzi na mnunuzi baadae.

Yule kijana nilimwambia atoe simu aandike "subiri", akaniona mzee msumbufu lakini akaandika. Tukafungua drafti pamoja. Uzito sawa, namba ya kontena sawa. Mpokeaji: mtu wa Dar es Salaam, tusiyemjua sote wawili, saplaya kanakili oda ya mteja mwingine. Kijana akavuta kiti akaketi, na mara hii simu kaishika kwa mikono miwili.