Ford Mustang ya 1967: V8 (injini ya silinda nane) ya kiwandani au ya kupachikwa?

Ya kupachikwa, mkuu. Namba ya gari uliyoipiga picha kwenye kibati cha mlangoni inaanza 7R01T, na hiyo T ndiyo inayokujibu: injini ya silinda sita, inchi za ujazo 200. 7 ni mwaka, R ni kiwanda cha San Jose kule California, 01 ni bodi ya paa gumu la kawaida. Ingetoka na V8 ungekuta C, A au K (zote ni za inchi za ujazo 289), au S kwa ile ya 390. Maana za herufi na namba hizi zimo kwenye kitabu cha gereji cha Ford cha mwaka huohuo.

Ila usiishie kwenye kibati cha mlangoni, maana vinauzwa vipya na kila mtu anaandika anachotaka. Fungua boneti, upande wa kushoto, ukingo wa madigadi umekatwa kipande kidogo ili namba iliyogongwa kwenye bati la ndani isomeke. Hiyo ndiyo ya kuamini. Kisha lala chini uangalie difu, lile boksi la gia kwenye ekseli ya nyuma: ya silinda sita ina kifuniko cha bolti kwa nyuma, ya V8 nyuma imeziba na gia zake hutolewa kwa mbele. Magurudumu nayo, sita ilikuja na nati nne, V8 tano.

Kama aliyebadili injini aliacha difu na breki za zamani, shughulikia hizo kwanza kabla hujagusa kabureta. Rangi ndiyo kabisa isubiri.