Kidonda kisichouma: maswali yenu kuhusu kisukari na miguu

Baba ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, mwezi wa pili sasa. Hakimuumi, anaenda shamba kama kawaida. Tunakisafisha kila siku, mbona hakifungi?

Kwa sababu anakikanyaga. Sukari imeua hisia za unyayo, hivyo kila hatua inaponda nyama changa naye hana habari. Hakuna dawa ya kupaka inayoshinda uzito wa mtu mzima. Mpeni magongo, shamba lisubiri. Kliniki waombeni wabandike sponji ngumu ya unene wa sentimita moja, iliyokatwa kama herufi U, kidonda kikae kwenye uwazi bila kuguswa. Ikishabonyea, kwa kawaida baada ya siku chache, ibadilishwe. Pia muuguzi aichonge sugu iliyozunguka kidonda, maana inakandamiza kama kokoto ndani ya kiatu. Msiikate wenyewe kwa wembe.

Maji ya chumvi ya kusafishia kidonda yanatengenezwaje?

Maji lita moja, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa, kama gramu 9. Chemsha dakika 10, funika yapoe, yatumie ndani ya saa 24. Nawa mikono, mimina juu ya kidonda, kausha katikati ya vidole, funika kwa shashi safi. Usiloweke mguu: ngozi inalainika na kupasuka.

Tunafungua kapsuli ya dawa na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda. Kuna ubaya?

Upo. Unga unagandamana na majimaji, unafanya gamba, juu pakavu na chini usaha unachimba. Spiriti nayo inaua nyama mpya, na majivu au kinyesi cha ng'ombe vinaweza kuleta pepopunda.

Bibi aliamka kidole kimetafunwa. Kweli panya anaweza asisikike?

Kweli kabisa, mguu ukishakufa ganzi. Aoshe miguu na mikono kabla ya kulala ili harufu ya chakula iondoke, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Jeraha hilo lionwe leo.

Ni wakati gani tusingoje, twende hospitali?

Kidonda chochote cha mwenye kisukari kionwe na mhudumu mapema. Hospitalini siku hiyohiyo kama kuna homa, harufu, usaha, kidole kuwa cheusi, au wekundu uliovuka sentimita 2 kutoka ukingoni. Na kama baada ya wiki 4 za kutokanyagia kidonda hakijapungua nusu, mwombeni rufaa.