Afisa mikopo mpya, hesabu sahani kwanza

Kwenye kikao cha mikopo wiki hii nimemsikia kijana wetu mpya akimtetea mteja wake wa Tandika: "Huyu mama hajawahi kuchelewesha rejesho." Hoja ikaishia hapo, na laki tano ikapendekezwa iwe milioni mbili. Wadogo zangu, mna bidii na ninawapenda, lakini jambo hili linaumiza watu kila mwaka.

1. Nenda jikoni. Mama lishe hatembelewi saa tisa alasiri akiwa anaosha masufuria. Fika alfajiri chapati na supu zikitoka, kisha urudi saa saba mchana uhesabu sahani. Muulize mchele ananunua wapi. Anayenunua kilo mbilimbili duka la jirani anailipa faida ya mwenye duka kila siku. Mpe mtaji wa kununua gunia soko la Tandale, mafuta kwa ndoo, mkaa kwa gunia badala ya kopo, na faida yake itapanda hata kama wateja ni walewale. Gunia likiisha pesa imesharudi, kwa hiyo rejesho la kila wiki halimsumbui. Hapa ndipo mkopo mdogo unapoikuza biashara ya familia, na nimeona wengi wakiinuka hivi.

2. Kifaa kina hesabu yake. Kuna familia ya Mbagala ilikuwa inauza samaki wa kukaanga na ugali: mama jikoni, baba anakwenda soko la samaki la Feri alfajiri, binti anahudumia. Walilipa vizuri mikopo miwili ya mwanzo. Afisa wao, wa taasisi ambayo siitaji, akawapandisha hadi milioni mbili ili wanunue friza, wahifadhi samaki siku bei ikishuka. Wazo lilikuwa zuri kabisa. Ila rejesho lilianza wiki iliyofuata.

Piga hesabu. Milioni mbili kwa miezi sita, riba asilimia 3.5 kwa mwezi juu ya mkopo wote: riba ni 420,000, jumla 2,420,000. Gawa kwa wiki 24, yaani wiki nne kila mwezi, unapata karibu 101,000 kwa wiki. Faida yao ilikuwa kama 20,000 kwa siku, siku sita, yaani 120,000. Zinabaki 19,000 za kodi, shule na chakula cha watu watano. Hesabu hiyo inatosha nyuma ya fomu, na hakuna aliyeiandika.

Friza haikuwa imeleta hata shilingi, kwa hiyo rejesho likatoka kwenye pesa ya samaki. Baba akaanza kurudi Feri na nusu ya ndoo. Ramadhani ikaingia, wateja wa mchana wakapungua. Kikundi chao cha mkopo, ambacho wanachama wake hudhaminiana, kikawalipia mara mbili, kisha wanakikundi wakaanza kununiana. Mama akaenda kwa siri kuchukua kausha damu, mkopo wa mtaani wenye riba kubwa, alipie rejesho letu sisi watu wa mikopo, na mwenye kausha damu ndiye aliyekuja kubeba friza, masufuria na meza. Kwenye ripoti wakaandika "mteja msumbufu". Mama yule hakuwa msumbufu. Aliyemsumbua ni ratiba ya marejesho.

Utafiti uliofanyika Kolkata, India, ukachapishwa mwaka 2013, ulilinganisha wakopaji walioanza kulipa baada ya wiki mbili na waliopewa miezi miwili. Waliosubiriwa waliwekeza zaidi na faida yao baadaye ilikuwa kubwa zaidi. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka, ndiyo maana mabosi wetu wanaogopa. Basi ombeni muda wa kusubiri kwa mteja wa kifaa peke yake, tena yule ambaye jiko lake mmelihesabu wenyewe.

3. Angalia kalenda kabla ya kupanga tarehe za rejesho, maana kuna nyakati pesa huwa ngumu: Ramadhani, Januari ya ada na sare, masika.

4. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana za wateja. Mteja aelezwe pia ada ya fomu na bima, kwa shilingi, kabla hajaweka saini.

5. Msifiche mikopo ya halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata, na haina riba. Mama mwenye kikundi anayetaka friza mwelekeze kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yake, hata kama lengo lako la mwezi litapungua. Akishindwa kujaza fomu, kaa naye mjaze pamoja.