Vita vya Msalaba kwenye WhatsApp: nani alikuwa upande wa nani?

Swali: Nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Umoja, Nairobi. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu amenionyesha video aliyotumiwa: farasi, mapanga, na sauti nzito inayosema Wakristo na Waislamu wamepigana bila kupumzika tangu mwaka 1095, kwa hiyo kila mtu achague upande wake. Nimekagua tarehe zote, ni za kweli. Sasa nimjibu vipi?

Jibu: Mwalimu, shida iko hapo hapo uliposema tarehe ni za kweli. Wanaotengeneza video hizi hawana haja ya kubuni tarehe, wanatumia mkasi. Papa Urban II alihubiri vita vya kuitwaa Yerusalemu kutoka kwa Waislamu kule Clermont, Ufaransa, mwaka 1095, na Yerusalemu ikatekwa mwaka 1099. Hapo hatubishani. Tazama kilichokatwa.

Mimi darasani huuliza swali moja: siku hiyo, nani alikuwa upande wa nani? Mwaka 1096, kabla ya kufika Mashariki, makundi ya wapiganaji wa msalaba yaliwaua Wayahudi wa Worms na Mainz, Ujerumani. Mwaka 1204 wenzao waliteka na kupora Konstantinopoli, mji wa Wakristo. Au chukua shujaa wa Hispania anayeitwa El Cid, ambaye Wazungu wenye siasa kali humsifu kama mfukuza Waislamu. Alipofukuzwa na mfalme wake, aliajiriwa na mtawala Mwislamu wa Zaragoza, akamtumikia miaka kadhaa na kuwapiga Wakristo kwa niaba yake. Hata hilo "Cid" ni sayyid, neno ambalo mtu wa Lamu hahitaji kutafsiriwa.

Muuaji aliyeshambulia misikiti ya Christchurch, New Zealand, mwezi Machi 2019 na kuua watu 51, alikuwa ameandika majina na miaka ya vita vya kale kwenye bunduki zake. Vienna 1683, Waturuki walipouzingira mji huo, ilikuwamo (si zama za kati tena, lakini yeye hakujali). Ukiuliza swali letu, utakuta Watatari Waislamu ndani ya jeshi la mfalme wa Poland lililouokoa mji huo, na Wahungaria Waprotestanti upande wa Waturuki.

Upande wa pili wanatumia mkasi ule ule. Februari 1998 Osama bin Laden na wenzake walitangaza vita dhidi ya "Wayahudi na Wanamsalaba". Sasa msome Ibn al-Athir, mwanahistoria Mwarabu aliyeishi wakati wa vita vyenyewe: anawaita wavamizi Wafaranji, yaani watu wa Ulaya Magharibi, basi. Jina la Kiarabu la "vita vya msalaba" lilienea karne ya 19, kutokana na maandishi ya Ulaya. Yaani wanaojidai kuirithi chuki ya miaka 900 wameazima hata jina lake kutoka kwa adui. Na Agosti 7 mwaka huo huo, "Wanamsalaba" waliouawa hapa Nairobi kwa bomu la watu wake kwenye ubalozi wa Marekani walikuwa watu 213, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wanapita njia. Jengo la Ufundi, jirani na ubalozi, lililoporomoka, halikuwa na jeshi la mtu.

Kuhusu "bila kupumzika", mpe mwanafunzi wako Ibn Jubayr, msafiri Mwislamu kutoka Andalusia. Mwaka 1184 alitoka Damascus na msafara wa wafanyabiashara hadi Akka, bandari ya Palestina iliyokuwa mikononi mwa Wafaranji, huku Salahuddin, sultani wa Misri na Shamu, akiwa vitani nao. Mwenyewe anastaajabu kwamba majeshi yanapigana na wafanyabiashara wanapita, wanalipa ushuru, wanaendelea na safari.

Ila usianze na Akka, ni mbali. Anza Malindi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika pwani yetu, matanga yake yamechorwa msalaba. Mombasa hawakumtaka. Sultani wa Malindi, Mwislamu, alimkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi India, kwa sababu ugomvi wake ulikuwa na Mombasa, Waislamu wenzake. Nguzo ya Wareno ingali Malindi, juu yake msalaba. Mwambie kijana aichore ile video upya, pande zake mbili ubaoni, halafu amtafutie sultani huyo mahali pa kusimama.