Mguu uliteguka, eksirei ni safi, maumivu hayaishi: je, nilipie MRI?

Pole sana, kaka. Wiki sita tangu uteguke uwanjani, na kifundo bado kinauma na kulegea ukikanyaga penye mashimo: hapo MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku yenye nguvu, ina maana. Eksirei inaonyesha mifupa vizuri, lakini haionyeshi ligamenti zinazofunga mfupa kwa mfupa, wala kano zinazovutwa na misuli. MRI inazionyesha, pamoja na gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) na michubuko iliyo ndani ya mfupa, na haitumii mionzi.

Ila usiende kupiga picha tu. Mwombe daktari wa mifupa akushike mguu kwanza, kisha aandike kwenye fomu anachokitafuta: ligamenti ya nje ya kifundo, kano zinazopita nyuma ya kifundo cha nje, au gegedu. Msomaji wa picha asiyejua unaumwa wapi anabahatisha, nawe umeshalipa pesa nyingi. Tena kano zinapopinda kwenye kifundo, mashine inaweza kuzionyesha zikiwa na weupe kama zimechanika, kumbe ni nzima. Kwa hiyo usikubali kupasuliwa kwa sababu ya karatasi ya majibu peke yake.

Kama maumivu yako juu ya kisigino, anza na altrasaundi. Ni nafuu na huiona vizuri kano kubwa ya hapo. Ukishindwa kusimama kwa vidole vya mguu huo, nenda hospitali leo hii, usisubiri, maana kano hiyo huenda imekatika.

Mwenye betri ya moyo au chuma mwilini aseme kabla ya kuingia chumba cha MRI.