Kabla ya kuweka springi chini ya rafti, uliza udongo utatitia kiasi gani

Msingi wangu wa kwanza wa rafti, yaani bamba moja la zege chini ya jengo zima, niliupigia hesabu kwa k moja (ugumu wa springi zinazowakilisha udongo kwenye programu) niliyoitoa kwenye jedwali. Programu ikapokea, ikachora rangi zake, nondo zikatoka. Mhandisi aliyekagua mahesabu akaniuliza: "Hii k ni ya kutitia milimita ngapi?" Nilikosa jibu, na tangu siku hiyo ndilo swali ninaloanza nalo.

k si tabia ya udongo. Ni mgandamizo ukigawanywa kwa kutitia, basi. Udongo unaoruhusiwa kubeba mgandamizo wa kilopaskali 150, na unaotarajiwa kutitia milimita 30 chini yake, una k ya kN/m³ 5,000. Ile kanuni ya mkato, 40 mara kigezo cha usalama cha 3 mara mgandamizo unaoruhusiwa, inakupa 18,000 kwa udongo huohuo! Jaribio la kubonyeza udongo kwa bamba la milimita 300 nalo hupima udongo wa juujuu tu, ilhali rafti ya mita 20 inabonyeza mpaka tabaka za chini kabisa. Kwa hiyo mwombe mtaalamu wa udongo makadirio ya kutitia chini ya mizigo yako halisi, usimwombe k.

Shida nyingine ni ya tangu mhandisi Winkler alipoleta wazo hili la springi, mwaka 1867: kila springi inajitegemea, haimjui jirani yake. Sambaza mzigo sawasawa juu ya springi zinazolingana, rafti itashuka ikiwa imenyooka, momenti (nguvu ya kuipinda) sifuri. Udongo wa kweli, hasa mfinyanzi, hubonyea katikati kama sahani. Ndiyo maana mimi huigawa rafti kwa kanda, springi za ukingoni zikiwa ngumu karibu mara mbili ya za katikati. Kisha namtumia mtaalamu migandamizo niliyopata, ananirudishia kutitia kwa kila kanda, narekebisha k. Mizunguko miwili au mitatu hutosha.

Ukiweka springi kwenye nodi, yaani pointi ambapo mistari ya meshi (gridi ya programu) inakutana, kumbuka eneo: kwa meshi ya mita 0.5 na k ya 5,000, nodi ya ndani inapata kN/m 1,250, ya ukingoni 625, ya kona 312.5.

Na springi zisivute. Udongo hauivuti rafti kurudi chini pale upepo unapoinyanyua. Ukizifanya za kubanwa tu, kila mchanganyiko wa mizigo upigwe hesabu peke yake; matokeo ya mizigo tofauti hayajumlishwi tena.

Mwisho narudia hesabu kwa nusu ya k, kisha kwa k mara mbili, na nondo nazipanga kwa momenti kubwa zaidi kati ya hizo zote.