Mwarobaini wangu hauui viwavi

SWALI: Ndugu Mhariri, msimu huu nilitwanga majani ya mwarobaini, nikayaloweka na kunyunyizia mahindi yaliyovamiwa na viwavijeshi vamizi. Asubuhi yake viwavi walikuwa wazima, wanatambaa. Jirani yangu ananishauri nitumie utupa, akidai kuwa ni mkali zaidi na kwamba dawa ya mmea haina madhara. Je, ni kweli? Na dawa hizi zinatufaa dhidi ya mbu?
Msomaji, Muheza

JIBU: Ndugu msomaji, ulichokiona asubuhi ile hakithibitishi kwamba dawa ilishindwa, ingawa huenda ilikuwa nyepesi. Mwarobaini hauangushi wadudu papo hapo kama sumu nyingi za dukani. Kemikali yake kuu, azadiraktini, humkinaisha mdudu asile, na kwa yule aliyekwisha kula huvuruga homoni zinazomwezesha kujivua ngozi ili akue, hivyo kiwavi anaweza kutambaa siku kadhaa bila kula sana, kisha akafa kabla hajawa nondo. Kwa hiyo kagua majani mapya kama yanaendelea kutobolewa, badala ya kuhesabu mizoga. Kiwavi mkubwa aliyejichimbia ndani ya moyo wa mmea, akajifunika kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao, ni vigumu kufikiwa na dawa yoyote ya kunyunyizia. Wakati wa kuanza ni pale majani yanapoonyesha vidirisha vyeupe, viwavi wakiwa bado wadogo.

Wengi hutumia majani kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu, lakini azadiraktini imejaa zaidi katika kiini cha mbegu. Kausha mbegu kivulini, tupa zilizoota ukungu, kisha twanga viini na kuviloweka usiku kucha kwa kipimo cha gramu 50 kwa kila lita ya maji; kwa bomba la lita 15 ni gramu 750. Chuja kwa kitambaa ili bomba lisizibe, ongeza sabuni kidogo ili dawa ishike jani, na uielekeze kwenye moyo wa mmea. Nyunyizia jioni, kwa sababu jua huiharibu azadiraktini haraka, na ndiyo maana utalazimika kurudia baada ya wiki moja hivi, au mapema zaidi mvua ikiiosha.

Kuhusu utupa, jirani yako amepatia nusu. Ni mkali kweli, na unga wa majani yake makavu husaidia kulinda kunde na maharage ya mbegu dhidi ya fukusi. Lakini huo ndio mmea ambao wavuvi wamezoea kuuponda na kuutia majini ili kulevya samaki, jambo ambalo sheria inakataza. Kemikali zake, za jamii ya rotenoni, huzizuia chembe za mwili kutumia oksijeni. Mmea wa namna hiyo hauwezi kuitwa usio na madhara. Usiunyunyizie karibu na kijito wala bwawa, wala usisafishie bomba lako humo. Maji ya tumbaku, ambayo nayo husifiwa sana vijijini, ningeyaepuka kabisa, kwani nikotini hupenya ngozi ya mnyunyiziaji.

Kwa upande wa mbu, mmea ulio na sifa ya kuua kweli ni pareto, inayolimwa Mbeya na Iringa, Nakuru na Nyandarua nchini Kenya, na Musanze nchini Rwanda. Piretrini iliyomo katika maua yake hushambulia neva za mdudu na kumwangusha ndani ya dakika chache. Usihangaike kuipanda katika joto la Muheza, kwa maana huhitaji baridi ya nyanda za juu ili itoe maua. Hata hivyo huenda unalala chini ya mjukuu wake kila usiku: dawa za jamii ya pairethroidi zinazotiwa katika vyandarua zilibuniwa na wanakemia kwa kuiga piretrini. Mbu waliojenga usugu dhidi ya hizo mara nyingi huistahimili pareto pia.

Kivumbasi na majani ya mwarobaini yanayofukizwa hufukuza baadhi ya mbu kwa muda, lakini moshi ndani ya chumba kilichofungwa huumiza mapafu, hasa ya watoto. Ukipenda, fukiza uani jioni mnapobarizi, na wakati wa kulala shusheni chandarua.